Uchumi wa afya na siasa za kazini: vitabu vya kuanzia, na kipi ununue kwanza

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, SHA, ichukue nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, wasimamizi wa wodi, maafisa wa kliniki na wahasibu wa hospitali hapa Nairobi wamekuwa wakiuliza kitabu cha kuanzia. Wengi wao hawasomei shahada yoyote. Wamepandishwa cheo mabadiliko yakiendelea, wakakabidhiwa bajeti ambayo hawakuiandaa na timu isiyojua mwezi ujao itakuwa wapi. Wanataka kuelewa mambo mawili: pesa ya matibabu inapita njia gani, na kwa nini wenzao wa miaka mingi wameanza kutazamana kwa jicho la kando.

Pande zote mbili zina vitabu vizuri. Vyote ninavyovitaja hapa vimeandikwa kwa Kiingereza, na vingi vilikusudiwa hospitali na kampuni zisizofanana na zetu, kwa hiyo kuchagua vibaya ni rahisi na ni ghali. Msimamo wangu nausema mapema: anza na uchumi wa afya, hata kama kinachokunyima usingizi ni siasa za ofisi. Anayeanza na siasa humwona mtu mbaya mahali ambapo kuna utaratibu mbaya wa malipo. Kuna hali moja tu ambapo ningekushauri ugeuze mpangilio huo, nayo nitaifikia.

Kwa nini pesa kwanza

Chukua wodi ya uzazi. Viwango vilivyotangazwa SHA ilipoanza viliweka shilingi 10,000 kwa mama anayejifungua kwa njia ya kawaida na 30,000 kwa anayejifungua kwa upasuaji. Sasa fikiria kikao cha asubuhi katika hospitali yoyote ya binafsi. Sista msimamizi anauliza kwa nini upasuaji umeongezeka. Daktari anasema huo ni uamuzi wa kitabibu. Mhasibu ananyamaza, macho kwenye karatasi zake. Mtu aliyetoka kusoma kitabu cha siasa za kazini ataona daktari mwenye kiburi na mhasibu mwoga. Aliyesoma sura moja tu kuhusu namna hospitali zinavyolipwa atauliza: kila njia inatugharimu kiasi gani, na baada ya kulipa kila kitu tunabaki na nini? Huenda daktari anasema kweli tupu. Huenda pia zile 10,000 hazitoshi kumlipa muuguzi wa zamu ya usiku, na kila aliyeketi pale analijua hilo ila hakuna aliye tayari kulitamka.

Kwenye hospitali za umma sura ni nyingine lakini mantiki ni ileile. Oktoba 2023 sheria nne za afya zilitiwa saini kwa pamoja, na mojawapo ni ile inayoziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato zinayokusanya badala ya kuyapeleka kwenye hazina ya kaunti kisha kuyasubiri yarudi. Sheria ya aina hiyo inahamisha kalamu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Urafiki wa zamani kati ya hospitali na makao makuu ya kaunti ukiingia baridi baada ya hapo, usikimbilie kutafuta nani kamchongea nani.

Vitabu vya uchumi wa afya

Kwa mtu ambaye hajawahi kukaa darasa la uchumi, chaguo langu la kwanza ni Introduction to Health Economics, kilichohaririwa na Lorna Guinness na Virginia Wiseman. Toleo lake la pili lilitoka mwaka 2011, katika mfululizo wa vitabu vya chuo cha afya ya umma na magonjwa ya kitropiki cha London. Kinachonivutia ni mpangilio wake. Kila sura inakwambia utatoka na nini, inakufundisha kidogo, inakupa zoezi, halafu inakupa jibu na maelezo ya jibu. Mtu anaweza kukisoma ndani ya matatu kutoka Kayole, akafanya zoezi moja kabla ya kushuka, na jioni akaendelea palepale alipoachia. Hesabu zake ni za kujumlisha na kugawa. Michoro ni michache na inaelezwa kwa utulivu.

Nitoe mfano wa unachopata. Kitabu kinaeleza jinsi watu wanavyopunguza kununua kitu bei ikipanda, na kwa nini matibabu hayafuati kanuni hiyo sawasawa na sukari au nauli. Kenya tunalo somo letu wenyewe juu ya jambo hilo. Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada katika hospitali na vituo vya afya. Wagonjwa wa nje wakapungua. Septemba 1990 ada ya wagonjwa wa nje ikasitishwa, kisha tozo zikarudishwa hatua kwa hatua miaka iliyofuata. Mwaka 2004 ukaja mpango wa shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya, na mwaka 2013 ada za ngazi hizo zikaondolewa. Profesa Germano Mwabu wa Chuo Kikuu cha Nairobi ni miongoni mwa waliochunguza yaliyotokea kwa mahudhurio na mapato katika kipindi kile cha kwanza. Ukisoma sura ya Guinness na Wiseman huku historia hii iko mkononi, nadharia inakaa kichwani bila kukaririwa.

Udhaifu wake ni kwamba ni chembamba. Kinapofika kwenye namna mbalimbali za kuilipa hospitali, yaani kwa kila huduma, kwa siku ya kitanda, au kwa idadi ya watu walioandikishwa, mtu wa hospitali hubaki na hamu ya kujua zaidi, kwa sababu hapo ndipo maumivu yake yalipo.

Anayetaka zaidi na aende kwa Barbara McPake na Charles Normand: Health Economics: An International Perspective. Toleo la kwanza, la mwaka 2002, waliliandika pamoja na Lilani Kumaranayake, na waandishi wenza wamebadilika katika matoleo yaliyofuata. Faida kubwa ya kitabu hiki kwetu ni kwamba hakidhanii kwamba dunia nzima ina mfumo kama wa Uingereza au wa Marekani. Nchi maskini na za kipato cha kati zimo ndani kama sehemu ya hoja, hazikubandikwa mwishoni. Ni kizito kuliko kile cha kwanza. Michoro ni mingi, na zipo sura ambazo asiyekuwa na msingi wa uchumi atazisoma mara mbili. Lakini maswali yake ni yetu: nani anabeba mzigo wa kulipia afya, na kwa uwiano gani na kipato chake?

Swali hilo unaweza kulifanyia hesabu kwenye karatasi yako ya mshahara. Chini ya NHIF, aliyepata shilingi 20,000 kwa mwezi alikatwa 750, yaani asilimia 3.75. Aliyepata 100,000 alikatwa 1,700, asilimia 1.7. Aliyepata milioni moja alikatwa 1,700 hiyohiyo. Chini ya SHA makato ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na hayapungui shilingi 300. Wa 20,000 sasa anatoa 550, wa 100,000 anatoa 2,750, wa milioni anatoa 27,500. Nimeona watu wenye akili zao wakibishana kuhusu SHA bila hata mmoja kufanya hesabu hii, kila mmoja akisema kutokana na makato yake mwenyewe. Kitabu cha McPake na wenzake kinakufundisha kulitenga swali la nani analipa na swali la kama huduma inapatikana. Mtu anaweza kuona ulinganifu mpya wa makato ni wa haki zaidi na bado akalalamika, kwa haki kabisa, kwamba dawa hazipo.

Kitabu cha tatu ni Health Economics cha Jay Bhattacharya, Timothy Hyde na Peter Tu, kilichotoka 2014. Bhattacharya ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa taasisi za kitaifa za afya za Marekani mwaka 2025, na wapo wanaokipenda au kukichukia kitabu kwa sababu ya misimamo yake ya baadaye. Nakushauri ukipime kwa kilichomo. Kwa ufundi wa kueleza, kinavizidi vyote viwili vya juu. Kinachukua majaribio makubwa, kama lile la shirika la RAND la miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, ambapo familia zilipangiwa bima za viwango tofauti vya kujilipia, kikakuonyesha hatua kwa hatua tunachojua na tulichojuaje. Waliotibiwa bure walitumia huduma zaidi. Kwa wastani afya zao hazikutofautiana sana na za wengine. Lakini kwa maskini waliokuwa tayari na maradhi kama shinikizo la damu, tofauti ilikuwepo. Mhariri wa gazeti angechukua nusu ya matokeo hayo na kuiacha nusu nyingine. Kitabu kinakulazimisha uzishike zote.

Kinagawa mifumo ya dunia katika mitatu: ule wa kodi uliotokana na ripoti ya Beveridge ya 1942 na kuzaa huduma ya taifa ya Uingereza mwaka 1948, ule wa makato ya mshahara ulioanzishwa na Bismarck Ujerumani mwaka 1883, na wa Marekani wenye bima za binafsi. Mgawanyo huu ulinisaidia kuielewa SHA kuliko kikao chochote nilichowahi kuhudhuria. Mfuko wetu wa bima ya jamii unafuata njia ya Bismarck. Mfuko wa afya ya msingi, unaolipia zahanati na vituo vya afya, unafuata njia ya Beveridge. Tumeiweka mifumo miwili chini ya paa moja, na mgongano mwingi unaoonekana kama uzembe wa mtu fulani unatoka kwenye ukuta unaoitenganisha. Mgonjwa aliyetibiwa bila malipo kwenye kituo cha afya anapopewa rufaa kwenda hospitali kubwa, ndipo anapoambiwa michango yake haijakamilika. Karani wa mapokezi ndiye anayetukanwa.

Lakini usikinunue kama hupendi michoro na milinganyo, na usitegemee kuiona Afrika sana ndani yake. Kwa mhasibu, mtakwimu au daktari aliyependa hesabu, nakiweka mbele ya McPake. Kwa sista wa wodi, hapana.

Kuna kitabu cha nne, kidogo, cha zamani, ambacho hakina mpinzani kwa uzuri: Who Shall Live? cha Victor Fuchs, cha mwaka 1974. Hakina hesabu. Sura yake inayolinganisha majimbo mawili jirani ya Marekani, Nevada na Utah, inapaswa kusomwa na kila waziri wa afya wa kaunti. Majimbo yale yalikaribiana kwa kipato, kwa elimu na kwa idadi ya madaktari, lakini Utah ilikuwa miongoni mwa yenye afya bora kuliko yote na Nevada miongoni mwa yaliyo nyuma. Fuchs alilielekeza jibu kwenye namna watu walivyoishi: pombe, sigara, utulivu wa familia. Hoja yake yaweza kuzidishwa, nasi watu wa Nairobi tunajua kwamba anayeishi karibu na mtaro wa maji taka hakuchagua mtindo huo wa maisha. Hata hivyo ndiye mwandishi atakayekufanya uulize swali kubwa kabla ya kuzama kwenye bajeti ya glavu.

Vitabu vya mabadiliko na siasa za kazini

Huku utakuta vitabu vingi zaidi na vyema vichache zaidi. Kile kidogo cha hadithi ya panya na jibini, kinachogawiwa kwenye semina za hoteli, nakiruka. Kinamwambia mfanyakazi kwamba tatizo ni yeye kutohama haraka, na hakimuulizi aliyeihamisha jibini swali hata moja.

Maarufu kuliko vyote ni Leading Change cha John Kotter, cha 1996. Hatua zake ni nane: wafanye watu waone haraka ya jambo, unda kundi la kuongoza, tengeneza dira, isambaze, ondoa vikwazo, pata ushindi mdogo wa mapema, usilegeze, kisha mabadiliko yazamishe mizizi kwenye utamaduni wa mahali. Ni kitabu kilichonyooka na kinasomeka siku mbili. Kwa anayeandaa mpango wa kuwasilisha kwa bodi, kinatosha.

Shida yake hospitalini ni kwamba Kotter anamwandikia bosi mwenye mamlaka. Mganga mkuu wa hospitali ya kaunti haajiri. Bodi ya utumishi wa umma ya kaunti ndiyo inayoajiri. Ndani ya wodi moja anaweza kuwa na muuguzi wa kudumu wa kaunti na mwingine aliyeajiriwa kuanzia 2020 kwa mkataba wa UHC, mpango wa afya kwa wote, wote wakifanya kazi ileile kwa masharti tofauti. Nyuma yao vipo vyama. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Ukianza na kuwafanya watu waone haraka mahali ambapo watu wameshachoka na haraka za wakubwa, unawaongezea hofu tu. Ushindi mdogo wa mapema, hatua ya sita, ndio ninaouona wa thamani zaidi kwetu: chagua kitu kimoja ambacho zamu ya usiku itakiona kimekuwa bora ndani ya mwezi.

Ninayempendelea waziwazi ni William Bridges, Managing Transitions, kilichotoka mara ya kwanza 1991. Bridges anatenganisha mambo mawili ambayo Kotter anayachanganya. Mabadiliko ni kitu kinachotokea nje: mfumo mpya, mkuu mpya, jina jipya ukutani. Mpito ni safari ya ndani ya mtu, nayo ina sehemu tatu: kuacha cha zamani, kukaa katikati pasipo na cha zamani wala kipya, kisha kuanza upya. Viongozi hutangaza mwanzo mpya wakati watu bado hawajaruhusiwa kuaga. Anatumia kisa cha Musa na miaka arobaini ya jangwani kuielezea ile sehemu ya katikati, na kwa wasomaji wengi wa hapa kisa hicho hakihitaji utangulizi.

Swali lake kubwa ni fupi: nani anapoteza nini? Nimeliona likifanya kazi. Katika hospitali moja upande wa Eastlands kulikuwa na mama wa kitengo cha madai ya malipo ya bima aliyeujua utaratibu wa NHIF kwa kichwa. Meza yake ilikuwa karibu na dirisha, na mlangoni hapakukosa muuguzi mwenye faili. "Mama, hii imekataliwa tena." "Weka hapo, mwanangu, nitaongea nao." Na kweli aliongea nao, fomu ikapita. Mfumo mpya ulipokuja, vijana wawili wenye kompyuta waliujua ndani ya wiki, na foleni ikahamia kwao. Hakupunguziwa mshahara wala cheo. Lakini alianza kuchelewa, akawa mkali, na fomu zilizopita mikononi mwake zikawa zinarudi na makosa ambayo asingeyafanya zamani. Usimamizi ulimwandikia barua ya onyo. Msimamizi mmoja aliyekuwa akisoma Bridges akapendekeza kingine: apewe kazi ya kukagua madai yote makubwa kabla hayajatumwa, kwa sababu anajua kuliko yeyote sababu zinazofanya dai likataliwe, mfumo uwe wa zamani au mpya. Meza ilibaki dirishani. Vijana ndio walioanza kwenda kwake na maswali.

Kitabu hakikumtibu mtu hapo. Kilimpa msimamizi swali la kuuliza kabla ya kuandika onyo. Sura ya pili ya Bridges ina zoezi zuri la kisa cha kampuni inayobadilisha mpangilio wa kazi, na orodha ya hatua ambazo msomaji anazipanga kuanzia ya kufanywa mara moja hadi ile isiyofaa kabisa. Lifanyeni kama kundi la watu watano wakati wa chakula cha mchana. Mabishano yatakayozuka yatakuonyesha timu yako kuliko tathmini ya mwaka.

Na hapa ndipo penye ile hali niliyoitaja mwanzoni. Kama idara yako imeshatangaziwa kuunganishwa na nyingine, kama watu wanajua kwamba nafasi zitapungua, acha uchumi wa afya kwa sasa. Soma Bridges wiki hii. Ukija na maelezo ya namna za malipo mbele ya mtu anayehofia karo ya mtoto wake, hata yakiwa sahihi kiasi gani, hutasikika.

Kuhusu madaraka yenyewe, wapo wawili wanaopingana. Jeffrey Pfeffer wa Stanford, katika Power cha 2010, anasema wazi kwamba kufanya kazi vizuri hakutoshi, kwamba dunia ya kazi haimlipi mtu kwa haki, na kwamba asiyejifunza kutafuta nguvu ataongozwa na waliojifunza. Kitabu chake cha awali, Managing with Power cha 1992, ni cha kina zaidi na kinaeleza nguvu inatoka wapi ndani ya taasisi: nani anashika rasilimali, nani yuko kwenye njia ya habari, idara ipi wengine hawawezi kuendelea bila yake. Ukikisoma baada ya uchumi wa afya, utaelewa mara moja kwa nini kitengo cha madai kimekuwa na sauti kuliko famasia. Kwa ushauri wangu chukua hicho cha 1992. Cha 2010 kina ukweli mwingi, lakini kimemwelekea mtu anayejipandisha, na hospitali yenye wasomaji watano wa namna hiyo itaumiza wagonjwa.

Ronald Heifetz na Marty Linsky waliandika Leadership on the Line mwaka 2002. Heifetz alisomea udaktari kabla ya kufundisha uongozi Harvard, na inaonekana. Wanatofautisha tatizo ambalo mtaalamu anaweza kulitatua kwa ujuzi uliopo na lile linalowataka watu wenyewe wabadilike. Wanaonya kuhusu njia nne za kumwangusha anayeleta mabadiliko: kumweka pembeni, kumshughulisha na mengine, kumshambulia, na kumlaghai kwa sifa hadi asahau alichokuja kufanya. Nadhani hiyo ya nne ndiyo inayowamaliza wengi hapa jijini, kwa sababu inakuja na kamati, posho na kiti cha mbele. Anayesimamia watu bila mamlaka kamili, hali ya wasimamizi wengi wa Kenya, atafaidika na hiki kuliko Kotter.

Kitabu kinachozifunga pande mbili

Ukibaki na pesa ya kitabu kimoja tu na wewe ni mganga mkuu, afisa wa afya wa kaunti au mtu wa chama cha wafanyakazi, nunua Getting Health Reform Right cha Marc Roberts, William Hsiao, Peter Berman na Michael Reich, cha mwaka 2004. Hsiao alishiriki kuubuni mfumo wa bima ya afya wa Taiwan ulioanza 1995, na waandishi wote wanne walifundisha maafisa wa nchi nyingi kabla ya kukiandika. Wanasema serikali ina mambo matano ya kushika ili kuubadilisha mfumo: kuchangisha pesa, namna ya kulipa watoa huduma, mpangilio wa taasisi, kanuni, na mwenendo wa watu. Soma tangazo lolote la SHA kwa macho hayo utaona kwamba kelele nyingi zimekuwa juu ya la kwanza, makato, wakati hospitali zinaumizwa au kuokolewa na la pili.

Halafu wanafanya ambacho vitabu vingine vya uchumi wa afya hukikwepa. Wanaingiza siasa ndani, kwa utaratibu: orodhesha wenye maslahi, pima nguvu na msimamo wa kila mmoja, kisha fikiria unaweza kubadili nini katika msimamo wao, katika nguvu zao, katika idadi ya wachezaji, au katika namna jambo linavyotazamwa. Ni kigumu kwa anayeanza kabisa. Kisome baada ya Guinness na Wiseman, angalau sura zao za kwanza.

Bei na mahali

Vitabu vya kiada vya uchumi wa afya ni ghali vikiwa vipya na mara nyingi vinaagizwa, kwa hiyo uliza maduka ya Text Book Centre au Nuria kabla ya kufunga safari. Kotter na Pfeffer unaweza kuvipata kwa wauza vitabu wa kando ya barabara pale Tom Mboya kwa bei ya kupatana. Toleo la zamani la Bridges, Kotter au Fuchs halikupotezei chochote. Kwa vitabu vya uchumi, kanuni za toleo la zamani bado zinafaa, ila takwimu zake usizinukuu kikaoni. Maktaba ya Kitaifa pale Community na maktaba za vyuo vya afya ni za kujaribu kabla ya kutoa pesa.

Kwa asiye na pesa kabisa, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 kuhusu kugharimia afya inapakuliwa bure, na imeandikwa kwa lugha nyepesi kuliko kitabu chochote hapo juu. Sura ya nne, inayohusu kupata afya zaidi kwa pesa ileile, ndiyo yenye makadirio kwamba kati ya asilimia 20 na 40 ya matumizi ya afya duniani hupotea bure. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 nayo iko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Isome mwenyewe, hasa vifungu vya mifuko mitatu, yaani ile miwili niliyoitaja na wa dharura na maradhi sugu, kabla hujamsikiliza mtu yeyote akikufafanulia. Aliye na kikao Jumatatu na wikendi moja ya kujiandaa, Jumamosi asome sura hiyo ya nne, Jumapili jioni asome sura ya Bridges kuhusu kuwasaidia watu kuacha cha zamani, na aingie kikaoni na majina ya watu watatu walio na cha kupoteza na gharama halisi ya huduma moja ya idara yake.